Kireno chuoni: Mwanafunzi wa Mbinga ana mtaji asioujua

Kutoka Tingi ukishuka hadi Mbamba Bay, kisha ukafuata ufukwe wa Ziwa Nyasa kwenda kusini, unaingia Msumbiji. Wavuvi wa pande zote mbili wanaelewana kwa Kinyanja. Lakini fomu, risiti na hati za mahakama za upande wa pili ni Kireno.

Pamoja na ujirani huo, Watanzania wengi wanaosoma Kireno hukianza chuo kikuu. Sekondari, Kifaransa, Kiarabu na Kichina vimeshapata nafasi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kireno kiko idara moja na isimu: Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu.

Tatizo liko hapa: lugha ya kufundishia vyuoni ni Kiingereza, kwa hiyo ni rahisi Kireno nacho kuelezwa kwa kupitia Kiingereza. Hiyo ni njia ndefu. Kwa nini?

Kiswahili kiko karibu zaidi

Kireno husema "falo". Kiswahili, "nasema". Neno moja, na nafsi imo ndani ya kitenzi. Kiingereza kinahitaji maneno mawili.

Angalia pia upatanisho. Tunasema kiti kizuri, viti vizuri. Wareno wanasema casa bonita, casas bonitas, yaani nyumba nzuri, moja au nyingi. Wao wana jinsia mbili tu, sisi tuna ngeli kibao! Aliyezoea ngeli hashtuki.

Na msamiati? Meza, bendera na leso tulivichukua kwao zamani.

Kimatengo nacho kimo

Kwa Kireno, babu ni "avô" na bibi ni "avó". Tofauti ni "o" tu: moja ya kubana, nyingine ya kuachama. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo ni rahisi kumwita bibi "babu". Kimatengo, kinachosemwa Mbinga, kina irabu saba, zikiwemo "o" mbili. Aliyekua nacho tayari ana sikio la kuzitofautisha.

Si kwamba kila kitu ni mteremko. Irabu za puani, kama ya "pão" (mkate), zitamtesa hata yeye.

Inahusu nini sasa?

Agosti 2019, mkutano wa SADC jijini Dar es Salaam ulikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hapo ndipo anahitajika mkalimani wa Kireno na Kiswahili moja kwa moja, bila kuzungukia Kiingereza. Mvuvi aliyeshikiwa mtumbwi ng'ambo anamhitaji zaidi.

Pa kuanzia hapahitaji bajeti kubwa. Mwalimu wa isimu ampe mwanafunzi kazi ya kulinganisha sauti za lugha ya kwao na za Kireno, na mwalimu wa Kireno aitumie darasani. Lugha ya nyumbani, ambayo wengi tuliambiwa tuiache getini shuleni, ndiyo itakayomfungulia mlango.