Kisu Ukutani Bila Jina la Mhunzi? Acheni Hizo!

Hivi sisi nani katuroga?

Juzi nilikaribishwa kwa rafiki yangu mmoja mjini Ngara. Msomi, ana kazi yake nzuri. Ukutani katundika jambia la kununua, limegandishwa kwa gundi kwenye ubao unaong'aa kwa vanishi. Chini yake kuna kibao chenye jina... lake yeye! Nikamuuliza, kalifua nani? Akacheka: "Kiwandani huko bwana, mimi nitajuaje?"

Hapo ndipo nilipochoka kabisa.

Wandugu, hii ni Kagera. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za uyeyushaji chuma wa Wahaya na mababu zao, ufundi ulioanza zamani sana. Warongo wa upande wa Biharamulo na Geita nao waliyeyusha chuma kwa mivukuto ya mikono, hadi chuma cha kutoka nje kilipozima tanuri zao. Hata Nembo ya Taifa ina mkuki, shoka na jembe. Leo mjukuu wa mhunzi ananunua kisu cha kiwandani halafu anakiita utamaduni!

Mimi nilikwenda kwa mhunzi mmoja Biharamulo. Alinifulia kisu kwa kipande cha springi ya gari, mpini wa mti. Ubao nikautengeneza mwenyewe kwa mninga: randa, msasa, kisha vishikio viwili vya mti nilivyovichonga kwa patasi, kimoja kinabeba shingo ya mpini, kingine kinabeba karibu na ncha. Ndani ya vishikio nikaweka kitambaa kizito. Gundi hapana! Kisu lazima kitoke, kifutwe, kipakwe mafuta ya cherehani, la sivyo kutu itakimaliza. Ala ya ngozi inatundikwa peke yake, maana ngozi hutunza unyevu. Ukuta toboa kwa keekee ukaze skrubu, usigongelee msumari kwenye lipu. Na weka juu, watoto wasifikie.

Nilidhani nimemaliza. Akaja mzee mmoja jirani, nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akautazama ukuta muda mrefu. "Mwanangu, hiki cha nini?" Akanikumbusha Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walipovuka Rusumo kwa takriban siku moja wakikimbia kutoka Rwanda, na mapanga na mikuki ikabaki lundo pale mpakani. "Sisi tuliona lile lundo," akasema. "Chuma kisicho na mwenyewe kinatisha."

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikashusha ubao, nikachukua patasi, nikachonga chini ya kisu: jina la mhunzi, kijiji chake, mwaka, na maneno matatu, "springi ya gari". Mzee aliporudi nilimsomea. Akauliza huyo mhunzi ni wa ukoo gani, tukaanza kuzungumzia watu badala ya vita.

Kuna watakaosema, "Bwana we, hilo ni pambo tu, usitupigie kelele." Pambo? Picha ya harusi unaijua kaipiga nani, kochi unalijua fundi wake, ila kisu ndiyo kimeota kama uyoga? Katika wilaya ambazo watu wazima bado wanalikumbuka lile lundo, kutundika chuma kisicho na historia ni kuwatisha wageni bure. Na mhunzi, ambaye jina lake halijulikani hata sebuleni kwa mteja wake, mwanawe atarithi mvukuto kwa faida gani?

Hapa simtaji wangu kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kumwandika. Ukutani lakini yupo, na kila mgeni anamsoma.

Kwa hiyo wewe mwenye jambia la gundi: ling'oe. Nenda kwa mhunzi, mlipe bila kumlalia bei, muulize jina, kisha ulichonge kwenye mbao kabla ya lako.

Naomba kutoa hoja.