Injini Kubwa, Breki Ndogo

Ndugu mfanyakazi, kazi yako ya Jumamosi tunaijua. Nyuma ya nyumba, pale Katuba au Kenya, umeweka shasi ya zamani juu ya matofali. Unataka kutengeneza gari kama yale ya wakati wa Wabelgiji, lenye pua ndefu na taa za mviringo, kisha ulitie injini ya lori. Hatukukatazi. Fundi wa namna hiyo ni sifa kwa Lubumbashi nzima. Lakini tunakuuliza: umeanzia wapi, kwenye injini au kwenye breki?

Huko Uingereza walifanya hivyo zamani. J. G. Parry-Thomas, aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Leyland, alikuwa na gari lenye injini ya ndege, silinda 12, lita 27. Alilipa jina la Babs. Nguvu ilifika kwenye magurudumu kwa minyororo. Aprili 1926 lilipita kilometa 270 kwa saa, likavunja rekodi ya dunia. Tarehe 3 Machi 1927 aliitafuta rekodi tena juu ya mchanga wa Pendine, Wales. Gari likapinduka, naye akafa. Wengine walisema ni mnyororo, wengine gurudumu la nyuma. Ona basi: mnyororo, gurudumu. Vitu ambavyo majirani hawaji kuvitazama wanapokuja kusifu injini.

Kazini huwezi kuwasha mashine ambayo mkanda wake hauna kifuniko. Mkubwa wako angekusimamisha palepale. Mbona nyumbani unachomelea umevaa kandambili, bila miwani, injini inaning'inia kwa kamba kwenye tawi la mwembe, na mtoto amechuchumaa chini yake?

Mwendo ukitoka 40 kufika 80, breki zina kazi mara nne, si mara mbili. Tena breki za gari dogo zilitengenezwa kwa uzito mdogo, nayo injini ya lori peke yake inaweza kupita kilo 700. Na barabara ya Likasi imejaa malori ya shaba. Hayatakungoja.

Tafuta kwanza ekseli na breki za lori lilelile lililotoa injini. Ukitumia mnyororo, uufunike kwa bati nene. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake una gesi isiyo na harufu, nayo inaua. Siku ya kulijaribu, lipeleke kwenye uwanja mtupu, mwendo wa mtu anayetembea, ukapige breki mara nyingi. Wala usimpakie mtu, hata shemeji aliyenunua bati.