Simu yenye kusoma mesaji: mama wa soko aipate mbele ya dereva

Vijana wenye kuuzisha simu katika Lubumbashi wako na maneno mapya ya kuvuta mununuzi. Zamani walisifu kamera na batri. Leo wanakuambia: "Hii inaweza kukusomea mesaji, hauna hata lazima ya kuigusa." Unatia ekuteri ku sikio, mesaji inaingia, sauti inaisoma, na mikono yako inaendelea na kazi. Mufano wenye wanapenda kutoa ni wa dereva: mikono ku volan, macho ku barabara, simu inaongea.

Mimi naona mufano huo unageuza mambo kichwa chini. Dereva ndiye mutu wa mwisho mwenye kufaa kusomewa mesaji akiwa kazini. Na mutu mwenye anaihitaji zaidi, hakuna anayemufikiria.

Tuanze na barabara, juu pale kosa moja linaweza kuua. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinsevere ni karibu kilometa 30 kuelekea kaskazini. Mine ya shaba ya Kinsevere, yenye iko mu mikono ya kampuni MMG tangu 2012, haiachi barabara ilale. Kuko malori yenye kuleta vitu vya kazi, kuko yenye kutoka na shaba ili yafike ku mupaka wa Kasumbalesa. Katikati yao kuko bus za wafanyakazi, pikipiki yenye kubeba watu watatu, na wale wenye kusukuma kinga yenye imepakiwa mifuko ya makala mpaka mutu mwenyewe haonekane. Mwezi wa nane, vumbi ikipanda, unaona taa tu.

Tunakumbuka mwezi wa pili 2019, wakati lori ya asidi iligongana na bus ku barabara kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na watu karibu 20 wakapoteza maisha. Sisemi ilikuwa juu ya simu. Nasema tu kama vitu vyenye kupita ku barabara zetu havimuachie dereva nafasi ya kuwaza mambo mengine.

Na kuwaza ndio tatizo yenyewe. Katika 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakiongozwa na profesa David Strayer, walipima uzito wenye akili ya dereva inabeba wakati anafanya kitu kingine akiendesha. Hawakuangalia mikono tu, waliangalia kichwa. Kusikiliza redio kulikuwa chini kabisa (mimi mutu wa redio nilifurahi kusoma hivyo, siwezi kuficha). Kuongea ku simu kulikuwa juu zaidi, na kuishika mukononi ao kutoishika hakukuleta tofauti kubwa. Juu ya hayo yote walipata kazi ya kuongea na mashine yenye kusoma na kuandika mesaji kwa sauti.

Ukifikiri kidogo unaelewa sababu. Redio haingoje jibu lako. Lakini sauti ikikusomea "mutoto iko na homa, tuma franka", mikono inabakia ku volan na akili imekwisha kufika nyumbani. Lori ya mbele ikifunga frein wakati ule, macho yako inaiangalia bila kuiona.

Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, namba 78/022. Wakati iliandikwa hakukuwa mutu mwenye simu mu mufuko. Kwa hiyo mambo mengi inabakia ku dhamiri ya dereva mwenyewe, na ya bosi mwenye anamupigia simu kila dakika kumu akiuliza amefika wapi. Ningependa sana ma-bosi wasikie hapo. Dereva mwenye mesaji ya haraka asimame pembeni, ao amupatie mutu wa pembeni yake asome.

Sasa tutoke ku barabara, tuende ku meza ya bunga.

Mama anapima bunga ku meka. Mununuzi anamuambia: nakulipa ku simu. Ni kawaida sasa; M-Pesa ilifika Congo mu 2012, na Airtel Money na Orange Money ziko kila pahali. Simu ya mama inatetemeka mu kitenge. Mikono yake iko nyeupe, wanunuzi wengine wanangoja, na tena, yeye hakusoma sana, ao alisoma na macho imechoka. Unajua nani anasoma ile mesaji? Mununuzi mwenyewe! Anaikamata simu, anasema: "Mama, imeingia." Anaondoka na mufuko wake.

Mara nyingi franka imeingia kweli. Lakini kuko wezi wenye kutuma mesaji ya uongo yenye kuandikwa sawasawa na ile ya kampuni, na kuko wenye kuonyesha mesaji ya zamani. Mama anagundua magaribi, wakati mutoto anarudi ku masomo na kumusomea salio. Mufuko moja wa bunga wenye kupotea hivyo unaweza kula faida ya siku kazaa. Pale ndipo sauti yenye kusoma mesaji ingekuwa na kazi ya kweli: mikono imejaa, macho haisaidie, na hakuna lori mbele. Mama akisimama dakika moja kusikiliza, hakuna mutu atakufa.

Basi, juu ya nini haimufikie?

Jibu ni luga. Simu nyingi hapa kwetu ziko mu Kifaransa, na sauti yake ni ya Kifaransa. Ipatie mesaji ya Kiswahili usikilize. "Unga" na "bunga" inazipitisha mu pua kama vile Mufaransa mwenye mafua. "Kuku" inakuwa kitu kingine kabisa, juu ile "u" yetu Wafaransa hawaisome kama sisi. Nilijaribu mbele ya watu ku kituo chetu, tukacheka mpaka machozi. Lakini mama hawezi kucheka kama ile sauti ndiyo inamuambia kama amelipwa.

Sauti ya Kiswahili iko. Ile programu ya Google yenye kusomesha maandishi ku simu za Android iko na Kiswahili, na kampuni Microsoft iko na sauti za Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Si Kiswahili cha Lubumbashi, na "nakuya" yetu inaisoma kama mugeni mwenye heshima. Hata hivyo inaeleweka, na hiyo ni mbali sana na ile ya Kifaransa. Mwenye anapenda kujaribu afungue paramètres za simu, atafute pahali pa « Synthèse vocale », achague Kiswahili, na apakue sauti kama simu inamuomba hivyo. Vijana, muwafanyie wamama zenu kazi hiyo siku ya yenga. Haipite dakika kumu.

Lakini hapo tunagonga ukuta wa pili, na kwangu ndio mukubwa zaidi. Mesaji zenye kutangaza franka, katika simu zenye ninaona hapa, zinakuja mu Kifaransa. Sauti ya Kiswahili ikisoma Kifaransa, hata mwalimu hawezi kuelewa. Sauti ya Kifaransa ikiisoma vizuri, mama mwenye hakujifunza Kifaransa anabakia pale pale. Kwa hiyo hata tukimununulia simu ya bei kali, hatujamusaidia mupaka mesaji yenyewe ibadilike.

Kile ninaomba kampuni za simu si kitu kikubwa. Katiba ya 2006, ku kifungu chake cha kwanza kabisa, inataja Kiswahili kati ya luga ine za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na inasema Serikali inapaswa kuziendeleza. Mesaji ya franka iko na maneno machache yenye kurudilia kila siku: umepokea, kiasi, kutoka kwa, salio. Mutu moja anaweza kuitafsiri mbele ya kula bukari ya saa sita. Kisha mukiliaji achague luga yake.

Hata mwenye simu ndogo ya kubonyeza, yenye haina programu yoyote, anaweza kusaidiwa: apigie namba moja, sauti ya Kiswahili imuambie franka ya mwisho yenye imeingia. Kampuni zinajua kutupigia na sauti ya kurekodiwa wakati kuko promosyo. Wasiseme haiwezekani.

Wengine wataniambia: tuko na audio za WhatsApp tangu 2013, wamama wanazitumia muchana na usiku, wanataka nini tena? Kweli, audio imefanya kazi kubwa. Imeruhusu mutu mwenye hakusoma azungumuze na mutoto wake mwenye iko Kolwezi ao Ndola bila kupitia mudomo wa mutu mwingine. Lakini kampuni ya franka haitume audio. Benki haitume. Masomo ya mutoto ikitangaza minerval inatuma maandishi.

Kuko hatari yenye sipendi kuficha. Sauti yenye kutangaza ku soko kama mama amepokea franka elfu mia mbili inamutangazia pia mwizi mwenye amesimama pembeni. Ndiyo maana ekuteri ya sikio moja ni lazima, sikio lingine libakie kwa wanunuzi. Ekuteri za bei ndogo zenye waya zinaweza kabisa, na mbele ya yote simu ifungwe na kode yenye mama mwenyewe anajua.

Kuhusu Kiswahili chetu, shirika Mozilla liko na mupango wenye kuitwa Common Voice, wa kukusanya sauti za watu ili mashine zijifunze luga. Katika 2021 lilipata dola milioni 3.4 za kuendelesha kazi hiyo kwa Kiswahili. Mutu yeyote mwenye intaneti anaweza kusoma sentensi na kurekodi. Kama tunaachia watu wa Nairobi na Dar es Salaam peke yao, mashine itajua kwao tu.

Wasomaji wenye wamekwisha kujaribu sauti ya Kiswahili ku simu zao, mutuandikie. Mutuambie ni simu gani, mesaji ilitoka wapi, na "bunga" ilisomwa namna gani.