Huduma ya Bure, Deni la Nani?

Tuanze kwa kukumbushana. Desemba 1989 serikali ya chama kimoja iliwaambia Wakenya kwamba enzi ya matibabu ya bure, iliyoanza mwaka 1965, imekwisha. Mpango mpya ukaitwa kugawana gharama, ingawa maskini hakuulizwa kama ana cha kugawana. Wagonjwa walipungua katika hospitali za serikali, si kwa kuwa wamepona bali kwa kuwa walibaki majumbani, hata ada yenyewe ikasimamishwa kwa muda mwaka 1990.

Kwa hiyo tarehe 1 Juni 2013, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza katika sherehe za Madaraka kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za serikali, na kwamba ada za zahanati na vituo vya afya zimefutwa, tulishangilia. Tulikuwa na haki ya kushangilia. Utafiti wa kitaifa wa 2008-09 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100, ni 43 tu waliozaliwa katika kituo cha afya. Ule wa 2014 ulionyesha 61. Si sera hii peke yake iliyoleta badiliko hilo, lakini mama aliyeogopa kuzuiliwa wodini kwa sababu ya deni alipata ujasiri wa kufika. Yeyote atakayesoma makala haya kama hoja ya kurudisha ada atakuwa amenielewa visivyo.

Ninalouliza ni hili: watoto wale walipokewa na mikono ya nani, na mikono hiyo ilitendewaje?

Twende zahanatini. Zahanati nyingi za mashambani zina muuguzi mmoja au wawili. Ndiye anayepima wajawazito asubuhi, anayechanja watoto, anayetoa dawa na kujaza madaftari ya wizara. Na mlango ukigongwa saa nane za usiku, ndiye mkunga. Kabla ya 2013 mgonjwa alitoa shilingi 10 kwa zahanati, 20 kwa kituo cha afya. Fedha hizo, kwa udogo wake, ndizo mara nyingi zilizomlipa mfagiaji na mlinzi. Ada ilipofutwa serikali iliahidi fidia. Pale fidia ilipochelewa, wa kwanza kurudi nyumbani alikuwa mlinzi, na muuguzi, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, akabaki peke yake gizani, foleni imerefuka na lango halina mtu. Dawa zikiisha, uzi wa kushonea ukiisha, ni yeye anayemwambia mama akanunue dukani. Na mama, aliyesikia redioni kwamba kila kitu ni bure, humwita mwizi. Waziri hayupo pale kujibu.

Wasomaji wanaokwenda kanisani wanakumbuka kisa cha Farao, aliyewanyima Waisraeli majani ya kufyatulia matofali wala asipunguze hesabu ya matofali ya siku. Serikali yetu ilikwenda mbele zaidi: haikuongeza majani, ikaongeza hesabu.

Tena si kwamba haikujua. Mwezi ule ule wa Juni 2013 serikali ilitia sahihi mkataba na chama cha madaktari kuhusu mishahara, mafunzo na ajira ya madaktari zaidi. Ahadi ya kwanza, iliyopigiwa makofi uwanjani, ilianza kutekelezwa siku ile ile. Ahadi ya pili ilitiwa kabatini. Ikawa inahesabiwa miaka hadi 5 Desemba 2016, madaktari walipoweka chini vifaa vyao kwa siku 100. Februari 2017 viongozi 7 wa chama chao walifungwa kwa kudharau mahakama, kisha wakaachiliwa na Mahakama ya Rufani baada ya siku chache. Mgomo wa madaktari haujapoa, wauguzi nao wakagoma kuanzia Juni mwaka huo kwa karibu miezi 5.

Migomo hiyo iliua watu. Sitalificha hilo, na sijakutana na muuguzi mwenye dhamiri anayelificha. Lakini tuseme ukweli wote: haki ya matibabu iliyo katika ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, na haki ya mfanyakazi kupata ujira wa haki, kujiunga na chama na kugoma, iliyo katika ibara ya 41, ziliandikwa na wananchi wale wale. Madaktari walipogoma mwaka 1994 wakidai chama chao kiandikishwe, serikali ya wakati ule ilikataa. Kiliandikishwa mwaka 2011, baada ya Katiba mpya. Tusiliache jambo lililopatikana kwa taabu hivyo liitwe uasi kila linapotumika.

Na sisi wa makanisa tusijione tumetakasika. Hapo mwanzo sera ya 2013 ilihusu vituo vya serikali tu, na akina mama wengi wakahamia huko. Migomo ilipokuja wakarudi kwa misheni kwa wingi usioweza kubebwa. Mpango wa Linda Mama, uliotangazwa mwaka 2016, uliziingiza pia hospitali za makanisa, lakini malipo ya bima ya taifa yakawa yanachelewa, na hata baada ya Mamlaka ya Afya ya Jamii kuchukua kazi hiyo Oktoba 2024 hospitali zetu zimelalamika hadharani juu ya madeni. Hospitali isipolipwa, nani hungoja? Si msambazaji wa dawa. Huyo hufunga duka lake. Hungoja muuguzi, naye huambiwa kwamba kazi yake ni wito. Nimekaa katika kamati iliyosema maneno hayo, nami sikunyosha mkono kupinga. Karo ya mtoto wa muuguzi hailipwi kwa wito.

Kwamba njia nyingine ipo, tazameni Sierra Leone, nchi maskini kuliko yetu. Serikali yake ilipojiandaa kuondoa ada kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo mwezi Aprili 2010, wahudumu waligoma mwezi mmoja kabla, wakisema hawawezi kuupokea umati ule kwa mishahara ile. Serikali ikapandisha mishahara kwa kiasi kikubwa na kuondoa majina hewa katika orodha ya malipo, kisha ndipo milango ikafunguliwa. Sehemu ya fedha ilitoka kwa wafadhili, na mfumo ule ulibaki na udhaifu mwingi. Lakini mpangilio ulikuwa sahihi: mfanyakazi kwanza, tangazo baadaye.

Kwetu bado tunatangulia na tangazo. Maelfu ya wahudumu walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020, kwa jina la afya kwa wote, walikuwa barabarani Nairobi mwaka 2025 wakidai ajira ya kudumu.

Katiba inaitaka kila kaunti iwasikilize wananchi kabla ya bajeti kupitishwa. Vikao hivyo huhudhuriwa na wachache, na wengi wao huzungumzia barabara. Vikundi vya akina mama, vijana wa parokia, kamati za haki: nendeni mkaketi mbele. Ulizeni zahanati yenu imeruhusiwa wauguzi wangapi na inao wangapi. Ulizeni mishahara ya mwezi uliopita ililipwa tarehe ngapi. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 inaruhusu vituo vya afya vya umma vibaki na mapato yake. Ulizeni kama kituo chenu kimebaki nayo. Na ulizeni nani analinda lango usiku.