Foleni ya Angani

Sisi tukaao Mabibo twajua maana ya foleni, kwa kuwa Barabara ya Mandela hutufundisha kila asubuhi. Lakini gari likikwama husimama. Ndege haiwezi kusimama angani. Ikikosa nafasi ya kutua huzunguka tu, ikichoma mafuta, na gharama hiyo mwishowe huingia katika nauli.

Watu wengi husema kwamba dawa ya ndege kuchelewa ni kujenga. Kweli, Serikali imejenga. Jengo la tatu la abiria katika Uwanja wa Julius Nyerere lilianza kazi mwaka 2019, na rada zimewekwa pia Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Mambo hayo ni mema. Hata hivyo, ndege kubwa zote za Dar es Salaam hutegemea njia moja ya kurukia, yenye urefu wa meta 3,000. Tena ndege kubwa huacha nyuma yake upepo wa kisulisuli, hata ndege ndogo ya Unguja, ambayo safari yake ni dakika 20 hivi, hulazimika kungoja upepo utulie. Ndege nyingi zikipangwa saa ile ile, rada haiwezi kuongeza njia. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kwa maoni yangu, mashirika ya ndege yanayo mambo matatu ya kufanya. Kwanza, yakae pamoja na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yagawane saa za kuruka. Pili, mbele kukiwa na msongamano, ndege ingoje chini, injini zimezimwa. Huko Ulaya, shirika la Eurocontrol huzipangia ndege nafasi zao kabla hazijaruka. Tatu, ratiba isibanwe mno. Ndege iliyokwenda Mwanza asubuhi ndiyo hutumwa Kilimanjaro mchana. Ikichelewa alfajiri, abiria wa jioni hulipa deni lisilo lao.

Labda mtu atasema kwamba abiria wenyewe hutaka kusafiri asubuhi na jioni tu. Ni kweli. Basi nauli ya mchana na ipunguzwe, tuone kama hawatabadilika.

Mgonjwa mwenye miadi Bugando hana faida na jengo zuri akichelewa kumwona daktari. Kupanga saa hakuhitaji saruji wala mkopo, kwahitaji mapatano. Mashirika na yaanze hapo.