Gari Likigonga, Mnunuzi Aambiwe

Nyumbani kwetu pana shauri lisilokwisha, nalo ni la gari. Marehemu baba alituachia Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti, na gari hilo limeanza kugonga. Asubuhi, injini ikiwa baridi, hulia kidogo tu. Lakini likishapata moto na kuanza kupanda Mazeras, mlio huwa kama wa mtu apigaye mlango kwa ngumi. Kila mmoja wetu ana rai yake. Nami leo naomba nitoe yangu hadharani, kwani naona jambo hili si la nyumba yetu peke yake.

Wasomaji walio watu wazima hawahitaji kuelezwa 504 ni gari gani. Ndilo lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975, likarudia tena mwaka 1978. Ndilo lililobeba abiria wa safari ndefu kabla ya matatu za siku hizi, na liliendelea kuunganishwa hapa Kenya hata baada ya Wafaransa kuacha kuunda yale ya saluni kwao mwaka 1983. Hili letu limepeleka maharusi, limekimbiza wagonjwa usiku wa manane, na limewafuata maiti makaburini likiwa limejaa waombolezaji. Basi asiulize mtu kwa nini tunalionea uchungu.

Tulimwita fundi mmoja mzee, mwenye kuyajua magari haya tangu ujana wake. Mimi nilidhani ni tapeti tu zinataka kurekebishwa. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akaniambia, "tapeti hulia juu, sauti nyepesi kama cherehani. Huu mlio watoka chini." Akachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine huku injini ikinguruma. Alipofika ya tatu, kishindo kikapungua. Hapo akasema ugonjwa umejulikana: beringi ya konrodi imekwisha. Dawa yake ni kuteremsha injini, kupeleka krenki ikachongwe, na kutia beringi mpya. Akaonya kuwa tukizidi kuliendesha hivyo hivyo, iko siku konrodi itakatika, itoboe injini ubavuni.

Sasa gari hili si langu. Ni mirathi. Tuko ndugu watano, na dada yetu mdogo ni mjane mwenye watoto, anayeingoja sehemu yake. Kwa hiyo wale wasemao liwekwe uani liwe kumbukumbu, mimi siwaungi mkono. Gari lililowekwa uani katika hewa yetu ya chumvi halikai. Huliwa na kutu mpaka likawa banda la kuku. Kulitengeneza nako kwataka fedha ambazo hatunazo. Limebaki neno moja, kuuza, na hapo ndipo fitina ilipoingia.

Ndugu yangu alikuja na dalali. Dalali akasema, pasi na haya, kwamba kugonga si neno: litiwe oili nzito kupita kiasi, na mlio utajificha siku kadhaa. Bei yake ilikuwa shilingi 180,000. Likiuzwa na mgongo wake ukijulikana, alituambia, tusitarajie zaidi ya 110,000. Ndugu yangu akanigeukia: "Kaka, mnunuzi ana macho. Na aje na fundi wake. Sisi tutamwambia twauza kama lilivyo."

Maneno haya nimeyapima sana, kwa kuwa shilingi 70,000 si haba kwa mjane. Ni kweli mnunuzi ana macho. Lakini mtu akiitia injini oili ya kuficha mlio, si amemfunga huyo mnunuzi kitambaa machoni, kisha akamwambia atazame? Na huko kusema "kama lilivyo" kutakuwaje kweli, iwapo tumekwisha kuligeuza lisiwe kama lilivyo? Kutojua ila ya bidhaa yako ni jambo moja. Kuijua, ukaifunika, ni jambo jingine kabisa.

Sote tulisomeshwa chuoni kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini pana majimaji. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka juu ile iliyorowa watu waione. Mimi si sheikh, na fatwa nawaachia wenyewe. Lakini sioni tofauti kati ya nafaka mbichi iliyofunikwa kwa kavu na beringi iliyokwisha iliyofunikwa kwa oili.

Tena tufikiri ni nani anunuaye gari la namna hii. Tajiri halitaki. Hulinunua kijana aliyeuza mbuzi, akakopa kwa mjomba, apate kubebea abiria na mizigo ya sokoni. Wiki ya pili, njiani kati ya Kilifi na Malindi, konrodi inakatika. Mtaji umekwisha, na deni limebaki. Je, ile 70,000 tutakayowagawia watoto wa dada yetu tutaiita riziki?

Nilimwendea dada mwenyewe nikamweleza yote, maana haki ni yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba aliazimwa gari hili na mtaa mzima wala hakulaaniwa. Msimtafutie laana kaburini." Ndugu yangu aliinamisha uso. Dalali tukamshukuru, akaenda zake.

Hivi sasa yule fundi mzee yuko tayari kulichukua kwa shilingi 115,000, akijua kila kilichomo, naye ana mikono ya kulitengeneza mwenyewe. Rai yangu ni kuwa tumpe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba hata kibaya chaweza kuuzwa kwa heshima, maadamu mwenyewe amekitaja ubaya wake. Miji yetu hii ya pwani ilijengwa na wafanyabiashara ambao neno lao lilikuwa hati. Tusiiuze heshima hiyo kwa mkebe wa oili nzito.