Hiyo 0.5 uliikopi wapi?

Wasee, leo tuongee kuhusu alama mlizofunzwa primary mkasahau: > na <. Wengi wenu mnazitumia kwa picha kila wiki bila kujua mnasema nini.

Hivi majuzi jamaa wa mtaa alinipea kazi ya tisheti za matanga. Kakake alikuwa ameaga, na familia ilitaka uso wake kifuani, nyeusi kwa nyeupe. Pesa ya kuanzia ilikuwa imeshaingia M-Pesa. Nikafungua ImageMagick na kuandika ule mstari ambao kila mtu hukopi:

magick kaka.jpg -colorspace gray -fx "u>0.5" tisheti.png

Ikatoka shati jeupe, ukuta mweupe, na katikati shimo jeusi mahali pa uso. Nikamtumia WhatsApp. Akajibu: "Bro, mathe anauliza huyu ni nani."

Maze, hiyo iliniuma.

Sasa skiza. Ndani ya -fx, kila pikseli ni namba kati ya 0, yaani nyeusi, na 1, yaani nyeupe. Hiyo u ni picha yako. Ukiandika u>0.5 hujaiambia programu iongeze mwanga ama ing'arishe kitu. Umeuliza kila pikseli swali moja: umepita 0.5? Ikijibu ndio inapewa 1, ikijibu la inapewa 0. Picha inayotoka ni hayo majibu tu.

Ngozi ya kaka ilikuwa kama 0.2 hadi 0.35. Kwa hivyo shavu, pua, midomo, zote zilijibu la. Tabasamu lake lilikuwa pale pale kati ya hizo namba mbili, ila mimi sikuuliza hapo.

Na msiniambie "lighting ilikuwa mbaya". Picha ilikuwa poa, kila mtu aliyeiona kwa simu alimjua. Mtu fulani alichagua 0.5 akiangalia picha zake, akaiweka kwa tutorial, na sisi tukaichukua kama sheria. Hii tabia si mpya. Kodak walikuwa na kadi za kupimia rangi wakati wa kuchapisha picha, zikiitwa Shirley, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi ni mwanamke mzungu. Wengine wote walipimwa kwa uso wake.

Nilichofanya ni kukata uso pekee, kisha nikaandika "u>mean". Mean ni wastani wa picha yenyewe, kwa hivyo pikseli za kaka zililinganishwa na uso wa kaka. Macho yakarudi, mashavu yakarudi, hata kile kidimpo. Ukuta lazima ukatwe kwanza lakini, juu ukiwa mweupe utavuta wastani juu na utarudi palepale.

Ukiwa na green screen ni hivyo hivyo. Wacha kutafuta namba ya kijani, linganisha rangi na rangi: "u.g>u.r && u.g>u.b". Kijani ikizidi nyekundu na bluu, hiyo ni pazia.

Mambo mengine yamenipotezea usiku. Ukisahau -colorspace gray, swali linaulizwa nyekundu, kijani na bluu kila moja kivyake, na unapata picha ya kelele kama matatu ya Rongai. Ukiandika u>128 yote inakuwa nyeusi, kwa sababu hakuna pikseli ya kawaida inayopita 1. Ukiandika u==0.5 kwa picha ya kawaida ya biti 8 hupati hata pikseli moja: 127 kwa 255 ni 0.498, 128 ni 0.502, na katikati hakuna mtu. Na ukisahau zile alama za kunukuu kwa teminali, > inageuka amri ya kuandika faili. Picha inatoka kwa -fx vile iliingia, na kwa folda unapata faili tupu inaitwa 0.5. Nilikuwa nazo tatu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, so sijui kama hii iko kwa silabasi. Tulipofunzwa > ilikuwa ya kupanga namba. Hakuna aliyesema mwenye kuchagua namba ya upande wa kulia ndiye anaamua nani ataonekana.

Tisheti zilichapwa, zikavaliwa. Baada ya mazishi mathe aliniita kando, akanishukuru, halafu akauliza mbona ile ya kwanza nilikuwa nimemtoa kijana wake uso. Nilianza kumweleza mambo ya 0.5, nikaishia kusema pole.